Waliambiwa wasubiri

Mtu asiyeijua Dodoma anaweza kudhani mji huu unalishwa na mishahara ya serikali. Mishahara ipo, lakini hela inayozunguka mtaani kila siku inatokana na vikao. Bunge la Bajeti likianza mwezi Aprili, nyumba za kulala wageni hujaa kuanzia Area C mpaka Kisasa, bei ya chumba inapanda, na madereva wa bajaji hawalali. Bunge likiahirishwa zinakuja semina za wizara, mafunzo ya halmashauri, vikao vya chama, mahafali ya vyuo. Na kila kikao kina chai ya saa nne, chakula cha mchana, fundi sauti, mpishi, mfua vitambaa vya meza na mama anayefagia ukumbi watu wakishaondoka.

Machi 2020 mzunguko huo ulikatika ndani ya wiki moja. Tarehe 16 aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, aliyegundulika Arusha. Kesho yake aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko, na vyuo vikafuata siku moja baadaye. Bunge lenyewe lilikaa kwa kubanana: wabunge wakapunguzwa ndani ya ukumbi ili wasikaribiane, wengine wakafuatilia wakiwa kumbi nyingine.

Hatukufungiwa ndani. Masoko yaliendelea, mabasi yaliendelea, nyumba za ibada hazikufungwa. Ndiyo maana mpaka leo ukisema corona ilivuruga kazi za watu hapa kwetu, hakosekani wa kukujibu kwamba Tanzania haikufungia watu ndani. Ni kweli. Lakini mji unaokula kwa mikusanyiko ukizuiwa mikusanyiko umeshafungwa, hata kama barabara zake ziko wazi. Taarifa za serikali zilionyesha uchumi wa nchi ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, kutoka asilimia 7 mwaka 2019, na Julai 2020 Benki ya Dunia ikatuhesabu miongoni mwa nchi za kipato cha kati cha chini. Nchi haikuanguka. Ila wastani wa nchi hauonyeshi nani alibaki na mshahara na nani alibaki na simu mkononi akisubiri kuitwa.

Wakati ule tulikuwa tumepanga Ipagala, familia nne uwa mmoja. Chumba cha mbele alikaa mtumishi wa wizara. Aliyemfuata alikuwa mwalimu wa shule binafsi, kisha fundi sauti wa ukumbi wa mikutano, kisha sisi. Baba watoto alikuwa mpishi wa hoteli, ameshamaliza miaka saba pale. Mshahara wa mtumishi uliingia kila mwezi kama kawaida. Wale wengine watatu hawakupata kitu, na kila mmoja alikatiwa kazi kwa namna yake. Namna hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Taarifa ya baba watoto ilikuja Ijumaa jioni kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi. Ilikuwa mstari mmoja: wa jikoni na wa vyumbani, kuanzia kesho msije hadi mtakapojulishwa. Haikuwa na tarehe wala jina, ni namba tu ya msimamizi wa zamu. Chini yake yakashuka majibu, "sawa bosi", "sawa bosi", "Mungu atusimamie". Mwalimu aliitwa ofisini akaambiwa wazazi hawajalipa ada, avute subira. Fundi sauti hakuambiwa chochote. Alifika ukumbini akakuta kufuli jipya getini.

Naelewa mwenye hoteli naye alikuwa na mkopo benki, vyumba vitupu na bili ya umeme. Simlaumu kwa kukosa wageni. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama laki sita na ishirini elfu mwaka 2020, na tangu Aprili 12 hadi Mei 18 safari za ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa. Hakuna mpishi aliyekuwa anadai hoteli ijae. Ninachomlaumu nacho mwajiri ni kitu kisichogharimu hela: alikataa kusema kazi imeisha, na alikataa kusema bado ipo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimkatazi mwajiri kupunguza watu biashara ikiyumba. Inamtaka afanye hivyo kwa kuongea. Mara tu anapofikiria kupunguza atoe taarifa, aeleze sababu, akae na wafanyakazi au chama chao wazungumze kama kuna njia ya kukwepa, nani ataondoka kwa kigezo gani, lini, na atalipwa nini. Hata kubadilisha masharti ya mkataba, kama kumweka mtu kwenye nusu mshahara au likizo isiyo na malipo, kunahitaji mashauriano naye. Mfanyakazi wa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Aliyefanya kazi mwaka au zaidi mfululizo akipunguzwa anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, kwa miaka isiyozidi 10.

Sasa angalia kuambiwa "subiri" kunafanya nini kwa haki zote hizo. Asiyeachishwa hana notisi ya kudai. Hana kiinua mgongo. Akienda mfuko wa hifadhi ya jamii kuulizia fao la kukosa ajira, ambalo kwa anayetimiza masharti ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita, ataulizwa barua ya kuachishwa kazi iko wapi, na barua hana. Akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kulalamikia kuachishwa isivyo halali, muda wa kufungua shauri ni siku 30 tangu aachishwe. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini kwa mtu aliyeambiwa asubiri? Wengi waligundua wamefukuzwa pale walipoona mtu mwingine amevaa aproni yao, na hapo miezi ilikuwa imeshapita.

Kipindi hicho redio na mitandao vilijaa wahamasishaji. Jiongeze, pambana, corona ni fursa. Maneno hayo yaliniumiza na bado yananiumiza, kwa sababu yanamwambia aliyenyimwa chake kwamba tatizo ni uvivu wake. Baba watoto hakukaa hata wiki bila kufanya kitu. Alianza kupika chapati na maharage ya nazi, anayafunga kwenye ndoo mbili, anawapelekea mafundi wa ujenzi Iyumbu kwa baiskeli. Ujenzi Dodoma haukusimama, na fundi lazima ale. Mtaji wetu ulikuwa elfu thelathini ya kukopa. Piga hesabu ya mtu mwenye mshahara wa msingi wa laki tatu na nusu aliyemaliza miaka saba: kiinua mgongo na notisi kwa pamoja ni kama laki tisa hadi milioni moja. Hiyo ni jiko la gesi la mafiga mawili, friji la mtumba, unga na mafuta ya kuanzia, na kodi ya miezi miwili mtu akili imtulie. Mtaji wa kujiongeza ulikuwepo. Ulibaki hotelini, umefungiwa ndani ya ule mstari mmoja wa Ijumaa. Na chapati, hata zikiuzwa zote, hazimchangii mpishi shilingi hata moja kwenye mfuko wake wa uzeeni.

Nyumbani napo palikuwa na mambo yake, na hapo ndipo nilipoona kwamba tabia ya mwajiri ya kunyamaza haiishii getini kwa mwajiri. Wanaume waliirithi wakaingia nayo ndani.

Fundi sauti aliendelea kuamka saa kumi na mbili, kuoga, kuvaa shati lenye nembo ya ukumbi na kuondoka. Alikuwa anakwenda Nyerere Square kukaa kwenye kivuli mpaka jioni. Sikusimuliwa, nilimkuta mwenyewe nikitokea soko la Majengo, naye alinisalimia akageuza uso. Nilikaa kimya kwa sababu si mimi wa kumwambia mkewe. Mkewe alijua siku wadai wa mkopo walipokuja kugonga mlango saa moja asubuhi kuulizia marejesho, maana mume alikuwa amekopa ile mikopo tunayoiita kausha damu ili aendelee kuacha hela ya matumizi mezani. Televisheni ikaondoka siku hiyohiyo, na kitanda cha watoto kikafuata. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa la yule bwana halikuwa kukosa kazi. Wiki zote zile alinunua muda kwa riba kubwa ili mkewe asijue, na mkewe angejua mapema angepunguza matumizi bure, bila riba.

Upande wetu simu iliwekwa mezani Ijumaa ileile. "Mama, soma hapa," akaniambia, akaninyooshea. Tulichukua daftari la mtoto tukaandika: kodi, unga, mkaa, maji, dawa ya presha ya mama mkwe kule Kondoa, hisa ya kikoba. Tukaita watoto wakubwa wawili tukawaambia sukari itakuwa ya chai ya jioni tu na nyama hatutajua lini. Mdogo wao aliuliza kama baba amefukuzwa. Baba yake akajibu, "Sijui mwanangu, hawajaniambia." Hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli, na sijawahi kusikia mtoto akivumilia jambo kwa utulivu kama alivyolivumilia hilo. Watoto wanaweza kula uji bila sukari. Wanachoshindwa ni kuishi na mzazi mwenye hasira isiyo na jina.

Kikoba chetu nacho kilikaa kuongea, kwa kujigawa vikundi vidogo uwani, kila mtu na kigoda chake mbalimbali. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na wanawake watatu tofauti, kwa hiyo halifunguki mpaka wote wawepo. Tulifungua tukahesabu mbele ya kila mmoja, tukakubaliana marejesho yasimame mizunguko miwili na hisa ishuke kwa aliyekwama. Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzilegezea benki masharti na kuzikubalia zipange upya mikopo ya wateja walioathirika. Mwenye hoteli aliweza kwenda benki kuomba apangiwe upya. Wanawake wa Ipagala walijipangia wenyewe, na hakuna aliyekula fedha ya mwenzake. Ila ilitaka kila mmoja aseme hali yake mbele ya wengine, na kuna aliyelia kwanza ndipo akasema.

Kuhusu utulivu wa nyumbani, ambao watu wengi wanaukumbuka kwa wema, nina maoni yangu. Ulikuwepo. Jioni za Aprili, mvua za mwisho zikiwa zimekata, uwa ulikuwa na watu kuliko kawaida, baba wakiwajua watoto wao wanasoma nini na wanaogopa nini. Mlenda na ugali wa uwele ulirudi mezani kwetu kwa sababu ya bei, watoto wakaupenda. Lakini anayeusifu utulivu ule ajiulize nani aliyechota maji. Tulikuwa kwenye mgao, na ghafla kila anayeingia getini anawe mikono kwenye ndoo yenye koki, watoto wako nyumbani mchana kutwa mpaka shule zilipofunguliwa Juni 29, vyombo mara tatu kwa siku, baba naye anakula mchana nyumbani. Ndoo zilizokuwa nne zikawa saba au nane. Kwa mwanamke na binti mkubwa, nyumba haikutulia hata kidogo, kazi iliongezeka na hakuna aliyeiita kazi. Nyumba zilizopita salama ninazozifahamu ni zile ambazo mwanaume alichukua ndoo bila kuombwa.

Na kulikuwa na utulivu mwingine ambao haukuwa na raha yoyote. Yule mtumishi wa wizara alihamia Dodoma na ofisi yake mwaka 2017, mke na watoto wakabaki Mbagala kwa sababu ya shule na kazi ya mama. Kabla ya corona alikuwa anapanda basi kila mwisho wa mwezi. Sasa akaogopa kuwapelekea ugonjwa, na mke akaogopa aje. Mshahara alikuwa nao, hofu ya kodi hakuwa nayo, lakini usiku tulikuwa tunamsikia akila huku simu imeegemezwa kwenye jagi, anawauliza watoto wamekula nini, mpaka bando linakata. Dodoma ina watu wengi wa aina hiyo, waliohama na wizara zao wakaacha nusu ya maisha Dar es Salaam. Huyu ndiye aliyemfuata mwalimu akamwambia, "Mwalimu, wafundishe hawa watoto wa uwa wote, mimi nitakulipa kidogo kila wiki." Mwalimu alitundika bati kwenye mwarobaini, akaandika kwa chaki. Kile alicholipwa hakikufikia mshahara, lakini mtumishi alipata sauti za watoto karibu yake kila asubuhi kabla hajaenda kazini, naye mwalimu akaacha kukaa ndani amefunga pazia.

Mwanzoni mwa 2021 hali ilikuwa nzito zaidi na ilisemwa kwa sauti ndogo zaidi. Hesabu rasmi za corona zilikuwa zimeishia Mei 2020 kwa wagonjwa 509 na vifo 21, hazikuongezwa tena kwa zaidi ya mwaka. Maofisini tulikuwa tunabandika picha za tanzia, na kwenye misiba ilisemwa marehemu alikuwa na changamoto ya upumuaji. Watu walijifukiza, walikunywa tangawizi na malimao, na mafundi cherehani walishona barakoa za vitenge. Sisemi haya kumhukumu mtu. Nasema kwa sababu mfanyakazi asiyeambiwa ukubwa wa hatari hawezi kupanga lolote: aende ofisini au aombe ruhusa, amsafirishe mama mzee kutoka kijijini au amwache. Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuunda kamati ya wataalamu, na yeye mwenyewe kuchanja hadharani Julai 28, 2021 alipozindua chanjo, nilichokiona mtaani kwetu kwanza kilikuwa mazungumzo. Watu walibishana kuhusu chanjo dukani, saluni, kwenye daladala. Kubishana huko kulikuwa na afya kuliko mnong'ono uliotangulia.

Hoteli ilimwita baba watoto Agosti 2020, kampeni za uchaguzi zilipokuwa zinaanza na wageni wakirudi. Alipewa mkataba mpya wenye tarehe mpya. Aliuliza ile miaka saba iko wapi, akaambiwa hilo litaongelewa. Alisaini, kwa sababu kodi ilikuwa inadaiwa. Ninamheshimu kwa kusaini na ninaendelea kusema alidhulumiwa, na sioni kama mambo hayo mawili yanapingana.

Ningeyaacha yapite kama historia, lakini yamejirudia. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, kisha Shirika la USAID likafungwa kabisa katikati ya mwaka huohuo. Miradi ya afya iliyokuwa inategemea fedha hizo ilisimama, na watu waliokuwa wakiajiriwa nayo, wahudumu wa ngazi ya jamii, madereva, waingiza takwimu, wakapata ujumbe wa aina ileile niliouona kwenye simu ya mume wangu: simamisheni kazi, mtajulishwa. Safari hii wengi walikuwa na mikataba ya muda maalumu, na wengine walidhani mkataba wa namna hiyo unamwondolea mtu haki zote. Haumwondolei. Mwajiri anayeukatisha kabla ya tarehe yake anapaswa kuwa na sababu halali na kufuata utaratibu.

Kijana mmoja wa Nzuguni, mwingiza takwimu, alikuja kwetu wiki ya pili akiwa na ujumbe huo. "Shikamoo mama, naomba kuongea na baba," alisema, na macho yake yalinikumbusha fundi sauti. Swali la kwanza aliloulizwa na mume wangu halikuwa la sheria. "Mkeo anajua?" Alikuwa hajui. Akaambiwa akamwambie kwanza, kisha arudi kesho yake. Alirudi na mkewe. Tukakaa nao kuandika barua fupi kwa mwajiri ikiuliza mambo matatu: mkataba wangu umesitishwa au umeisha, kuanzia tarehe ipi, na malipo yangu ni yapi. Waliipeleka wenyewe, wakagongewa muhuri kwenye nakala. Jibu halikuja, kwa hiyo kabla ya siku 30 kutimia tangu ujumbe ule, walijaza fomu ya malalamiko wakaipeleka Tume hapa mjini. Kwenye usuluhishi mwajiri alikubali kumlipa notisi na siku za likizo alizokuwa hajazitumia, akatoa na barua ya kuachishwa kazi yenye tarehe. Miezi iliyobaki ya mkataba bado wanabishania. Fedha ya notisi walinunua mashine ya kukamulia alizeti, ya mkono, ya mtumba, kutoka kwa mtu wa Singida.